Jinsi Mutega-Radi Alivyotolewa Mlimani

Afadhali mlisikie kwangu, maana watu wa Kindu wakilisimulia wananiongezea chumvi: ndiyo, ni mimi, Mwalimu Feza, niliyesimama mbele ya watu zaidi ya sitini katika ukumbi wa watu wa reli, nikasoma ukurasa mzima kwa sauti nzuri, nikatulia penye mkato, nikapandisha sauti penye mshangao, na kwenye karatasi niliyoishika hapakuwa na neno hata moja. Basi, nimeshasema. Sasa kaeni vizuri niwaeleze ilivyokuwa, kwa sababu nikisimulia mwenyewe angalau aibu yangu inakwenda kwa mpango.

Ilikuwa miaka ile ya Zaire, kila mtu ni citoyen, yaani mwananchi, wanaume wamefunga abakosti zao, yale makoti yasiyo na tai, mpaka kooni hata jua likiwa kali, na Jumamosi asubuhi wote tuko kwenye salongo, kazi ya lazima ya kulima barabara na kufagia mitaro. Mimi nilikuwa na miaka ishirini na minne, nafundisha darasa la tano, na nilikuwa (sijisifu, ulizeni) mwandishi hodari kuliko wote upande huu wa mto. Nacheka ninapolisema lakini silifuti.

Sasa, ninyi vijana hamvijui vijitabu vya Mutega-Radi. Vilikuwa vyembamba, karatasi yake mbaya, vinaletwa na gari-moshi kutoka kusini vimefungwa kamba pamoja na magazeti, na ndani yake kulikuwa na habari za mwindaji anayetega radi kwa mitego ya shaba, na mwindaji huyo alikuwa na vivuli saba, na kila kivuli kina kazi yake: kimoja kinatangulia njiani, kimoja kinabeba mizigo, kimoja kinalala usingizi kwa niaba yake ili yeye asichoke, kimoja kinakumbuka, na kadhalika mpaka cha saba, ambacho kazi yake hakuna aliyeijua. Malkia wa Majivu akakiiba hicho cha saba akakificha ndani ya Mlima Usio na Mlango. Mutega-Radi akamfuata, akaingia (kuingia kwenyewe kulichukua kurasa nne za uchawi mtupu), mlima ukajifunga nyuma yake, na chini ya ukurasa wa mwisho wakaandika kwamba itaendelea.

Haikuendelea. Tulikwenda kupokea gari-moshi wiki baada ya wiki, tukarudi mikono mitupu, na kama huko kusini ilikuwa karatasi iliyokwisha, au mashine, au mwandishi mwenyewe, hakuna aliyetuambia. Sisi tulichojua ni kwamba mtu wetu amefungiwa mlimani.

Ndipo Papa Musafiri, karani wa bandarini, mtu mzima wa maneno ya pole, akasema kama wenyewe hawaandiki basi tuandike sisi. Tukaanzisha kundi, watu kumi na mmoja, tukajiita Kivuli cha Nane. Papa Musafiri akaleta mkebe wa maziwa ya unga, tukatia ndani vikaratasi vyenye maneno, na kila mwanzo wa mwezi analitoa neno moja, mara "chumvi", mara "daraja", mara "shangazi", na kila mtu anakwenda kuandika kurasa mbili za Mutega-Radi zenye neno hilo. Jumapili ya mwisho ya mwezi tunakutana pale ukumbini, tunasoma, tunapiga kura kwa mikono. Na hadithi ikishashinda, imetokea. Hilo hatukulichezea. Mwezi wa "chumvi" fundi cherehani mmoja alimpofusha Mutega-Radi jicho la kushoto, akashinda, na tangu hapo sisi sote tukamwandika na jicho moja ingawa lilituudhi.

Kwa sheria yetu, mwaka wote tulikatazwa kumtoa mlimani. Apigane, apate njaa, aongee na vivuli vyake, lakini atoke tu mwezi wa kumi na mbili, na yule atakayeshinda mwezi huo ndiye atakuwa amemtoa, milele. Nililitaka jambo hilo. Sikulitaka kidogo, nililitaka kama mtu anavyotaka maji, na kwa kuwa nilikuwa nimeshinda miezi mitano katika kumi na moja, kwa akili yangu lilikuwa langu tayari.

Kulikuwa na sheria nyingine, na hii niliileta mimi mwenyewe kwa mdomo wangu. Yule fundi cherehani alikuwa akisoma analia, anapiga magoti, anashika kifua, na hadithi yake hata ikiwa ya ovyo watu wanampigia kura. Nikasema haifai, hadithi ishinde kwa maneno yake, kwa hiyo kila mtu asome ukurasa wa kwanza tu, wa pili ampe aliyekaa mkono wake wa kuume aumalizie. Wakakubali wote. Nilijiona nina akili siku hiyo.

Neno la mwezi wa kumi na mbili lilikuwa "mlango". Lilipotoka mkebeni tulipiga kelele kama watoto.

Siku hiyohiyo Ramazani akanyosha mkono. Ramazani alikuwa mgeuza reli pale stesheni, yule anayevuta chuma ili gari-moshi lishike njia yake, kijana mkimya anayeandika kwa penseli herufi ndogo sana, hajashinda hata mwezi mmoja, na kila tukishinda sisi wengine yeye ndiye anayepiga makofi mpaka mwisho. Akasema amehamishwa stesheni ya Kabalo, anaondoka Jumatatu baada ya mkutano wetu.

"Lakini hii mwezi nitaandika," akasema. "Tangu mwezi ya pili nafikiria namna ya kumutoa. Sasa nimeipata."

Tukamwambia vizuri, vizuri, na mimi moyoni nikamhurumia kwamba atasafiri mbali hivyo bila kushinda. Hayo ndiyo niliyokuwa nayawaza, niwafiche nini.

Juu ya hayo chefu wa mtaa akasikia habari zetu. Alimwita Papa Musafiri akamuuliza ni watu gani hawa wanaokutana kila mwezi bila ruhusa, wanatoa vikaratasi mkebeni na kuongea habari za malkia. Papa Musafiri akaeleza. Chefu akasema atakuja mwenyewe kusikiliza, akiona ni kitu kizuri ataweka muhuri wa ruhusa, akiona si kizuri ukumbi utafungwa. Habari zikazagaa Kasuku nzima, upande wetu wa mji, na kila mtu akasema siku hiyo atakwenda kuona.

Basi sasa sikilizeni kosa lenyewe, maana lilikuwa dogo. Jumamosi, tumetoka kwenye salongo, nimeoga, nimekaa na kalamu, hazijapita hata dakika tano akaja Zaina. Zaina ni rafiki yangu, ananiita Yaya, yaani dada mkubwa, anauza vitenge sokoni, na yeye alikuwa wa Kivuli cha Nane. Akaniangalia kichwa.

"Yaya Feza, kesho utasimama mbele ya watu wakubwa na ile kichwa?"

Nikajipapasa. Alisema kweli. Nikaacha kalamu, tukakaa barazani, akaanza kunisuka kwa nyuzi nyeusi, zile nywele za kusimama zinazokutana juu, na nywele hizo (wanawake wanajua) ni kazi ya mchana kutwa. Akasuka, nikamsimulia hadithi yangu yote tangu mwanzo mpaka mwisho, na ilikuwa nzuri mno, hata Zaina alisimamisha mikono mara mbili.

"Sasa utaandika saa ngapi?" akaniuliza.

"Iko kichwani," nikasema, "na kichwa njo hii, ndiyo hii unasuka."

"Andika tu, Yaya. Karatasi mbili njo nini?"

Nikamwambia aniache. Mimi ndiye mshindi wa mwezi uliopita, kwa hiyo ndiye ninayeanza kusoma, na yeye Zaina hukaa mkono wangu wa kuume siku zote. Nitashika karatasi nijifanye nasoma, nitampa ya pili ajifanye anasoma, hadithi ameshaisikia yote, nani atajua? Zaina akacheka, akaniita mwenye wazimu, akakubali. Jumapili asubuhi bado nilikuwa na nafasi, lakini nyuzi zilikuwa zimenibana mpaka nyusi zimepanda, na nilikuwa nimeshapita kwa majirani watatu kuonyesha kichwa. Nikachukua karatasi mbili nyeupe kwenye daftari la shule, nikazikunja vizuri, nikaenda zangu.

Ukumbi ulikuwa umejaa. Wazazi wa wanafunzi wangu walikuwepo, mabwana wa reli na wake zao, mkurugenzi wa shule yetu, watu wamesimama mpaka mlangoni. Sisi tulikaa katikati kwa duara, Zaina kuumeni kwangu, Ramazani ng'ambo, na karatasi zake za penseli zimewekwa magotini na viganja viwili juu yake. Sikuogopa. Nataka mlijue hilo: sikuogopa hata kidogo.

Chefu akachelewa. Alipoingia watu wote wakasimama, akapita katikati na abakosti ya rangi ya kahawa, akafika kwenye duara letu na hapakuwa na kiti. Na Zaina wangu, Zaina aliyelelewa vizuri (hilo ndilo kosa lake), akaruka juu akapangusa kiti chake kwa ncha ya kitenge.

"Citoyen Chef, ikala hapa."

Chefu akakaa. Kuumeni kwangu. Zaina akaenda kusimama ukutani, na ndipo akanitazama, na ndipo akaziba mdomo kwa mkono. Baadaye aliniapia kwamba miguu ilisimama yenyewe, na namwamini.

Hapo ningeweza kusema tumbo linaniuma. Ningeweza kusema lolote. Lakini Papa Musafiri alikuwa ameshaanza kumweleza mgeni sheria zetu, kwamba mwalimu atasoma ukurasa wa kwanza na yeye Citoyen Chef atatufanyia heshima ya kusoma wa pili, na chefu alifurahi ajabu. Akatoa miwani mfukoni, akaifuta, akaivaa kabla sijafungua mdomo. Nikafikiri, sawa, nitasoma hadithi yote kwenye ukurasa wa kwanza, nimalize, wa pili usiwe na kazi.

Nikasimama, nikakunjua karatasi, nikasoma. Nawaambia, nilisoma! Mutega-Radi yuko gizani na jicho lake moja. Vivuli vyake sita haviwezi kuonekana kwa kuwa gizani hakuna kivuli, anavisikia tu vikipumua. Anapapasa ukuta wa mlima, hatua kwa hatua, anahesabu. Nikaendelea, nikaendelea, macho yanakwenda kushoto na kulia juu ya ule weupe, nikafika mahali ambapo ukurasa wowote ungekuwa umekwisha, chefu akanyosha mkono, nikaendelea, akaurudisha, akanyosha tena.

Papa Musafiri akakohoa. "Mwalimu, ukurasa yako iko murefu sana leo."

"Nimeandika herufi ndogo, Papa," nikajibu.

Watu wakacheka, mimi nami nikacheka, lakini sasa wote walikuwa wananitazama mikono. Nilikuwa nimefika mahali pazuri kuliko pote. Nikasema: "Akaweka kiganja juu ya jiwe, na jiwe lilikuwa la moto, na kutoka upande wa pili mtu akabisha hodi." Papa Musafiri akagonga mkebe kwa kidole, ndiyo ishara ya kubadilisha. Sikuwa na njia. Nikampa chefu karatasi ya pili.

Akaikunjua. Akaitazama. Akaigeuza nyuma, akairudisha mbele, akainua miwani, akaishusha. Ukumbi wote unangoja aliyebisha hodi ni nani.

"Mwalimu," akasema, "hapa hakuna kitu."

Jasho lilinitoka kwenye kila mstari wa nywele alionichora Zaina. Na mdomo wangu, ambao haujawahi kukosa maneno, ukafunguka wenyewe.

"Citoyen Chef, njo heshima yetu ile. Siye wa Kivuli cha Nane, mugeni mukubwa akikuja, hatumuandikie. Tunamuachia ukurasa mweupe, amalize yeye mwenyewe."

Papa Musafiri alinitazama kama mtu aliyemezeshwa dawa. Lakini chefu! Uso wake ulifunguka. Akavua miwani (haikuwa na kazi tena), akasimama, akavuta abakosti chini ikae vizuri, akatazama watu wote, na akaanza.

"Ule muntu alibisha hodi," akasema, "alikuwa chef wa localité."

Yaani yeye mwenyewe, chefu wa mtaa. Watu wakapiga makofi. Akangoja yaishe.

"Chef akamuuliza: wewe, unafanya nini mule ndani? Mutega-Radi akasema: nimefungiwa, Chef. Chef akamuambia: toka. Akatoka."

Basi. Hivyo tu. Mwaka mzima wa mkebe, jicho la kushoto, njaa, vivuli vinavyopumua gizani, tukagombana kama jiwe linaweza kuyeyuka au haliwezi, na yeye akamtoa kwa neno moja, na mlima hauna mlango, hata hakuuliza mtu atatokea wapi. Nikatazama ng'ambo ya duara. Ramazani alikuwa ameinamisha kichwa anatazama viganja vyake.

Chefu hakuishia hapo, aliongea karibu saa nzima. Mutega-Radi alipotoka alipewa jembe, na vivuli vyake kila kimoja jembe lake (hata cha saba kilikuwepo, kimerudi lini hatukuambiwa), wakafanya salongo kwenye barabara ya Lubutu mpaka ikawa safi. Malkia wa Majivu akakamatwa akapewa fagio azoe majivu yake mwenyewe, na hapo, niseme kweli, watu walicheka kicheko cha haki na mimi nilitamani ningeliandika mimi.

Alipomaliza makofi yalitikisa mabati. Akauliza, "Munachaguaga namna gani?" Papa Musafiri akasema kwa mikono, lakini bado kuna wengine kumi hawajasoma. Chefu akatazama saa yake. "Watasoma mwezi kesho," akasema. "Leo munyoshe." Mikono ikapanda. Ya kwetu wa duara, ya watu wa ukutani ambao hata si wa kundi, ya mkurugenzi wangu. Nani angebakiza wake chini, na muhuri wa ukumbi uko mfukoni mwa mtu huyohuyo? Nilinyosha. Ramazani alinyosha, mkono mmoja juu, mwingine umebana karatasi zake magotini.

Nikavuta pumzi. Nilidhani yamekwisha, na sehemu yangu ya ujinga (ipo mpaka leo) ilikuwa tayari inajisifu: nimetoka pabaya, ukumbi umepona, nani kama mimi? Chefu akanyosha kiganja.

"Patia mimi karatasi yote mbili. Karani wangu apige na mashine, iingie mu dosye, mu faili yetu."

"Citoyen Chef, nitaikopi vizuri, nitakuletea..."

"Hapana, ile ya kwanza njo nataka. Ilikuwa muzuri sana."

Nilikuwa nimeikalia. Nikanyanyuka nusu, nikaivuta, nikamwambia imekunjamana, akasema si kitu, akaichukua mkononi mwangu. Akavaa miwani. Akatazama mbele. Akatazama nyuma. Akaiinua juu kwenye mwanga wa dirisha, na watu zaidi ya sitini wakaiona pamoja naye, nyeupe, mistari ya daftari la shule tupu kabisa.

"Na hii," akasema polepole, "mulikuwa munamuachia mugeni gani?"

Kisha Papa Musafiri, mtu wa maneno ya pole, ambaye sijawahi kumsikia anamkejeli mtu, akasema, "Kweli zilikuwa herufi ndogo."

Ukumbi ukapasuka. Mwanamke mmoja wa nyuma akapiga yowe la kicheko likawashika wengine, mabwana wa reli wakapiga mapaja, mtu akauliza kwa sauti kama njo vile ninafundisha watoto wao, mwingine akajibu kwamba ndiyo maana mwanawe anarudi nyumbani na daftari safi, na mkurugenzi wangu alikuwa anatazama dari. Mimi nimesimama pale na nywele zangu. Zilikuwa nzuri, zilionekana kutoka kila pembe ya ukumbi, na ningetoa chochote kuwa na kitambaa cha kujifunika.

Chefu peke yake hakucheka. Aliniangalia muda mrefu, nikaona ameelewa yote, hata ukurasa wa pili, hata heshima ile.

"Mwalimu," akasema, "kesho asubuhi utaniletea ile hadisi yote, imeandikwa. Neno kwa neno, sawa vile mimi nilisema. Na jina yako chini. Hapo njo nitapiga muhuri."

Jumatatu, jua linachomoza, niliandika. Niliandika kwa kalamu ya wino, herufi kubwa za ubaoni, kurasa kumi na moja. Nilipofika pale nilisimama, nikaweka kalamu chini, nikaishika tena: "Chefu akamwambia: toka. Akatoka." Nililia, nawaambia ukweli, machozi yakadondoka kwenye neno "toka" nikalazimika kuanza ukurasa upya. Mwaka mzima nimetaka niwe mtu wa kumtoa Mutega-Radi mlimani, na sasa nimemtoa, kwa mwandiko wangu, na jina langu chini. Nikampelekea chefu, akasoma kila mstari, akasahihisha mahali pawili, akapiga muhuri. Ukumbi ukawa wetu.

Kutoka pale nikakimbia stesheni. Gari-moshi lilikuwa bado halijaondoka, Ramazani alikuwa amesimama kando ya behewa na sanduku la bati na godoro limefungwa kamba. Nikamwamkia, nikamwomba msamaha, na kwa mara moja katika maisha yangu sikuongeza maneno ya kujitetea. Hakukasirika. Ingekuwa rahisi kama angekasirika.

"Njo maisha, Mwalimu. Nilicheka, mimi pia."

"Ramazani, nipatie ile karatasi yako," nikasema. "Nitaisoma mwezi kesho mbele ya wote. Nitaisoma vizuri, ukurasa zote mbili."

Akagusa mfuko wa shati, nikaona ncha ya karatasi, nikaona hata alama za penseli. Akafikiri. Kisha akafunga kifungo cha mfuko.

"Mutega-Radi ameisha toka," akasema. "Tulimunyoshea mikono, na mimi nilinyosha. Mutu hawezi kutoka mara mbili."

Alisema bila uchungu, kama anavyomweleza mtu kwamba njia hii ya reli inakwenda kule na si huku. Akapandisha sanduku, akapandisha godoro, akaniaga kwa heshima, gari-moshi likaondoka.

Kundi letu liliendelea miaka kadhaa baada ya hapo. Nilishinda miezi mingi, na sioni haya kusema kwamba nilistahili. Watoto wa darasa la tano waliniita Mwalimu Herufi Ndogo mpaka nilipohamia shule nyingine, na huko nako jina likanitangulia. Niliapa siku ile pale stesheni, na nimekishika kiapo, kwamba sitasimama tena mbele ya watu na neno ambalo sijaliandika. Hata salamu za harusi naziandika, hata leo kabla hamjaja nilikuwa nimeandika haya yote, karatasi hizi hapa, zishikeni mzione. Ramazani sikumwona tena, na vijitabu havikurudi. Mpaka leo sijui Ramazani alimtoaje Mutega-Radi.